Nimesomea uhasibu na nipo Mwanza: nitapataje kazi ya kuanzia ya kufanyia nyumbani?

Kijana wa Ilemela:

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, na wengine habari zenu.

Mimi nimehitimu shahada ya uhasibu, na kwa sasa ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza kwa siku chache za wiki. Kazi yangu dukani ni kuingiza mauzo kwenye programu ya hesabu ya Tally, kulinganisha risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na daftari la fedha kila jioni, kufuatilia mafundi waliochukua saruji na nondo kwa mkopo, na kuandaa hesabu za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za mwezi kabla mhasibu wa nje hajaja kuzipitia na kuziwasilisha. Malipo ni madogo, na mwenye duka amenieleza kwa uwazi kwamba biashara yake haiwezi kubeba mwajiriwa wa kudumu. Kuhamia Dar es Salaam au Dodoma siwezi, kwa sababu ninamuuguza mama na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Ndiyo maana ninatafuta kazi ninayoweza kuifanya nikiwa hapa hapa.

Nimekuwa nikiomba kazi mtandaoni kupitia majukwaa ya LinkedIn na Upwork, na ninachokiona huko kinanichanganya. Tangazo linasema kazi ni ya kuanzia, lakini chini yake linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Jingine linasema mtu anaweza kufanya kazi akiwa popote, ila ukisoma hadi mwisho unakuta mwombaji lazima awe mkazi wa Marekani. Mengine yanaonesha kuwa yamepata waombaji zaidi ya mia moja hata siku haijaisha. Mara nyingi sijibiwi kabisa, na nikijibiwa ni barua ya kompyuta isiyosema nilipungukiwa na nini.

Ninaomba mwenye uelewa anisaidie katika mambo haya. Je, kazi za hesabu za mbali kwa mtu anayeanza zipo kweli, au watu wanaozipata ni wale waliokwisha kuwa na uzoefu mkubwa? Kama zipo, zinatafutwa wapi? Na uzoefu wa duka la vifaa vya ujenzi nitauelezaje kwa mtu wa nje ambaye hajui EFD wala hajawahi kusikia habari za TRA, mamlaka yetu ya kodi?

Mhasibu wa Njiro:

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza, Mungu amjalie mama nafuu. Nipo Arusha na ninatunza hesabu za wateja wa kampuni ndogo ya uhasibu ya Uingereza; kabla ya hapo nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya utalii. Nitaandika kwa urefu kwa sababu swali lako ninaletewa mara kwa mara na vijana wa fani yetu, na majibu ya mkato hayawasaidii.

Kazi zipo, lakini nyingi hazifiki kwenye matangazo unayoyasoma. Lile tangazo linalomtaka mkazi wa Marekani halikuwekwa ili kukudhalilisha. Kampuni ikimwajiri mtu aliye nchi nyingine hujikuta chini ya sheria za kazi na za kodi za nchi hiyo, na wengi hawataki mzigo huo kwa nafasi ya chini, ingawa wapo wanaopitia kampuni za kati kama Deel ili kumlipa mtu aliye mbali kama mkandarasi huru. Isitoshe, wimbi la kazi za kufanyia nyumbani lililoanza mwaka 2020 limepungua. Kampuni kubwa zimewarudisha watu ofisini, na Amazon iliwataka wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku zote 5 za wiki kuanzia Januari 2025. Kwa hiyo nafasi za wazi zimebaki chache, na zinagombewa na watu wa dunia nzima, wakiwamo wahasibu wa Ufilipino na India ambao nchi zao zimejenga kazi hii kwa miongo mingi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalielewi ni kwamba ile kazi iliyokuwa mlango wa wanaoanza, yaani kuingiza risiti moja moja kwenye mfumo, sasa inafanywa na programu. Dext na Hubdoc husoma picha ya risiti, huchukua tarehe, kiasi na jina la muuzaji, kisha huipeleka kwenye hesabu. Ukijitangaza kuwa unaweza kuingiza data kwa haraka, unajishindanisha na kitu ambacho mwajiri ameshakilipia. Kinachobaki kwa binadamu ni kuamua na kuuliza: malipo haya ni ya nini, kwa nini ankara hii imelipwa mara mbili, mbona mteja huyu amedaiwa kwa miezi minne na bado anapelekewa mzigo. Wewe unayefuatilia madeni ya mafundi unaifanya kazi hiyo kila siku, ila hujaiandika hivyo kwenye wasifu wako.

Sasa nije kwenye mahali pa kutafuta. Mimi ningekushauri uachane kwa muda na matangazo ya Marekani na uangalie Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni saa. Saa tatu asubuhi ya London ni saa tano asubuhi kwetu majira yao ya kiangazi, na saa sita mchana majira ya baridi, kwa hiyo unaweza kumpeleka mama kliniki asubuhi na bado ukaanza kazi pamoja na wenzako. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni kwetu, na siku yao ya kazi inaisha usiku wa manane. Watu wanaimudu ratiba hiyo, lakini kwa mtu anayeuguza nyumbani ni mateso.

Sababu ya pili ni sheria yao ya kodi. Biashara zilizosajiliwa kwa VAT zimekuwa zikiletwa kwenye mfumo wa kutunza kumbukumbu kidijitali tangu Aprili 2019, na kuanzia Aprili 2026 mfumo huo umeingia pia kwenye kodi ya mapato kwa wafanyabiashara binafsi na wenye nyumba za kupangisha ambao mapato yao ghafi yanazidi pauni 50,000 kwa mwaka. Aprili 2027 kiwango kinashuka hadi pauni 30,000. Fundi bomba aliyekuwa akimpelekea mhasibu wake mfuko wa risiti mara moja kwa mwaka sasa anatakiwa kutuma taarifa kila robo mwaka kupitia programu. Kampuni ndogo za uhasibu zinazowahudumia watu hao zimeongezewa kazi ya kila mwezi, na si zote zinazoweza kumwajiri mtu wa pale pale.

Hapo angalia jambo moja la muhimu sana. Usimwandikie fundi bomba mwenyewe. Uingereza inamtaka kila anayetoa huduma ya kutunza hesabu kama biashara awe chini ya usimamizi wa chombo kinachosimamia udhibiti wa fedha haramu, na wewe huna usimamizi huo. Ukifanya kazi chini ya kampuni ya uhasibu iliyokwisha kusajiliwa, wajibu wa kumhakiki mteja unabaki kwao, nawe unapata mtu wa kukukagua kazi, jambo ambalo anayeanza analihitaji kuliko hata fedha.

Kampuni hizo hazina siri. Programu za hesabu za Xero na QuickBooks kila moja ina orodha ya wazi ya washauri wake, na ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, ina ukurasa wa kutafutia wahasibu kwa mji. Tafuta kampuni zenye watu wawili hadi kumi, soma zinahudumia nani, kisha mwandikie mwenye kampuni kwa jina lake. Ukiwa umekulia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, chagua zinazowahudumia mafundi na wakandarasi, kwa kuwa unajua maana ya mzigo kurudishwa, malipo ya awali ya kazi ambayo haijaanza na fundi anayechanganya fedha za nyumbani na za kazi. Usiandike Desemba wala Januari. Tarehe 31 Januari ni mwisho wa kuwasilisha marejesho ya kodi ya watu binafsi kwao, na katika wiki hizo hakuna mwenye kampuni anayesoma barua ya mgeni. Andika Februari mwishoni, akiwa bado anakumbuka jinsi alivyoelemewa, au kuanzia Agosti hadi Oktoba, anapojipanga kwa msimu unaokuja.

Barua yenyewe iwe fupi, kwa Kiingereza safi, na ieleze kazi moja unayoiomba. Tuseme hivi: kusuluhisha hesabu za benki (kulinganisha daftari na taarifa ya benki) za wateja watatu kila wiki na kumletea mhasibu orodha ya miamala isiyoeleweka. Mtu anaweza kukukubalia ombi la ukubwa huo bila kubadili mpango wake wa mwaka. Ukimwandikia kwamba unaweza kufanya kazi yoyote ya uhasibu, atalazimika kufikiri yeye mwenyewe akupe nini, na hana muda huo.

Kuhusu ushahidi, mafunzo na mitihani ya QuickBooks Online kwa wahasibu ni bure, kwa hiyo anza nayo. Kisha fungua kampuni ya majaribio iliyomo ndani ya Xero, ifanyie usuluhishi wa benki, toa orodha ya wadaiwa kwa umri wa madeni, na uhifadhi ripoti zako nje ya mfumo, maana data za kampuni hiyo hufutwa na kuanza upya kila baada ya siku 28. Pamoja na ripoti hizo weka ukurasa mmoja wa maswali ambayo ungemuuliza mteja. Kwa mfano: «Tarehe 14 kuna malipo ya pauni 340 kwa duka la vifaa vya umeme. Je, ni vifaa vya kazi ya mteja gani, au ni matumizi ya nyumbani? Kama ni vya kazi, tafadhali tuma risiti inayoonesha namba ya VAT ya muuzaji.» Ninaposaidia kuchuja waombaji, ukurasa huo ndio ninaousoma kwanza, kwa sababu unanionesha kama mtu anaelewa kilichomo ndani ya tarakimu au anabonyeza tu.

Karani Mstaafu:

Marahaba, kijana. Nimefanya kazi ya hesabu serikalini na katika vyama vya ushirika hadi nilipostaafu, na ninaheshimu aliyoyasema binti yetu wa Njiro, ila kuna jambo sikubaliani naye. Kabla ya kuwaandikia Waingereza, jisajili NBAA, bodi ya wahasibu ya hapa kwetu, uanze mitihani ya kuelekea CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili, na uombe hata nafasi ya muda katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu iliyopo Mwanza. Ukaguzi utakufundisha kuona hesabu za biashara ishirini za aina tofauti, ambapo duka moja linakufundisha hesabu za duka moja. Kijana aliyepita kwenye ukaguzi haogopi mezani kwa mtu yeyote.

Nitakupa mfano wa kile ninachokisema. Urari wako (jumla ya upande wa debiti na wa krediti) haulingani, na tofauti ni shilingi 27,000. Asiyefundishwa vizuri atarudia kujumlisha daftari lote. Aliyekaa na wakaguzi atagawanya tofauti hiyo kwa 9 kwanza, ataona inagawanyika bila kubaki, na atakwenda moja kwa moja kutafuta mahali ambapo tarakimu zimebadilishana nafasi, kama vile 85,000 iliyoandikwa 58,000. Ikiwa haigawanyiki kwa 9, ataigawa kwa 2 na kutafuta kiasi hicho kilichowekwa upande usio wake. Mambo haya utayakuta kwenye vitabu, lakini huingia mwilini ukiwa umekaa karibu na mtu mzima anayekuangalia unavyofanya. Hofu yangu juu ya kazi ya mbali kwa anayeanza ni hiyo: hana wa kumtazama.

Mhasibu wa Njiro:

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ni ya kweli, na ndiyo sababu nimemsihi aende chini ya kampuni badala ya kujitafutia wateja peke yake. Mkaguzi wangu wa London hupitia kazi yangu tukiwa tumefungua skrini moja, naye ananirekebisha papo hapo. CPA nakubaliana nawe kwamba aianze, ila asiifanye kuwa sharti la kuomba kazi, kwa kuwa mitihani inachukua muda na nyumbani wanahitaji kula leo. Kwa kampuni za Uingereza, ACCA ndiyo wanayoitambua kwa haraka zaidi, na inasomwa hapa hapa Tanzania; achague moja kulingana na mahali anapotaka kufika.

Mkazi wa Kisauni:

Hujambo ndugu wa Mwanza. Ninaandika kutoka Mombasa. Wenzangu wamezungumzia kampuni za uhasibu, nami ningependa kugusia majukwaa kama Upwork na Fiverr, kwa kuwa vijana wengi wa Kenya wameingia huko, wengine kupitia mafunzo ya mpango wa serikali wa Ajira Digital, ambao umekuwapo tangu mwaka 2016.

Jambo la kwanza ni gharama. Kwenye Upwork kila ombi hulipiwa kwa vitengo wanavyoviita Connects, na vile vya bure vikiisha unavinunua kwa dola. Fiverr nayo hukata asilimia 20 ya kila unacholipwa. Mtu anayetuma maombi kwa kila tangazo analoliona hutumia akiba yake yote kabla hajapata mteja wa kwanza. Omba machache, yaliyotangazwa saa hiyo hiyo, yanayofanana kabisa na kazi unayoijua. Kwa mhasibu anayeanza, kazi inayopatikana kwa urahisi kiasi ni ya kusafisha hesabu zilizorundikana: mwenye biashara ndogo ambaye hajasuluhisha benki kwa nusu mwaka na anatakiwa na benki au na mamlaka ya kodi kuleta ripoti. Wengi hawaipendi kwa sababu inachosha. Hata hivyo, ina mwanzo na mwisho, na mteja akiridhika mara nyingi hukuachia hesabu za kila mwezi.

Jambo la pili ni kutotegemea jukwaa moja. Machi 2024 Remotasks, iliyokuwa ikiwapa vijana wetu kazi za kuandaa data za akili mnemba, iliacha kufanya kazi Kenya, na watu waliokuwa wakilipia kodi ya nyumba kwa kazi hiyo walijikuta hawawezi hata kuingia. Hawakuwa na barua ya ajira, wala mtu wa kumpigia simu.

Jambo la tatu ninaliomba kwa dhati. Kuna watu watakuuzia au kukukodisha akaunti ya Upwork yenye sifa nzuri, iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Usikubali hata ukiwa na shida kiasi gani. Masharti ya jukwaa yanakataza, uhakiki wa sura na kitambulisho unaweza kuja wakati wowote, na akaunti ikifungwa fedha zilizomo hubaki mikononi mwa usiowajua. Tena kwa mtu wa hesabu, kuanza kazi kwa jina la mtu mwingine ni kuharibu kitu pekee ambacho mteja anakununulia, yaani uaminifu wako.

Mwana wa Maskati:

Assalaam alaykum. Mimi nipo Oman, na nitasema machache. Wengi hapa wana asili ya Unguja, Pemba na mwambao, na wapo wenye maduka, magereji na kampuni ndogo za usafirishaji ambao wanazungumza Kiswahili nyumbani hadi leo. VAT ya asilimia 5 ilianza Oman Aprili 2021, na biashara inayofikisha mauzo ya riali 38,500 kwa mwaka inalazimika kusajiliwa. Emirates wao walianza Januari 2018. Wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiandika mauzo kwenye daftari wamelazimika kutunza ankara kwa utaratibu, na wewe uliyezoea VAT ya asilimia 18 na mashine ya EFD unaifahamu kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Usitegemee tangazo. Watu wa huku huajiri kwa kujuana. Kama una ndugu au jamaa mwenye mtu Maskati au Dubai, mwombe akutambulishe kwa mwenye biashara mmoja tu, na uombe kumfanyia hesabu za ndani, na marejesho ya kodi yenyewe yasimamiwe na mhasibu wa hapa anayejua sheria na Kiarabu. Saa zetu zimetofautiana kwa saa moja tu. Kumbuka pia kwamba Oman wiki ya kazi inaanza Jumapili na kuisha Alhamisi.

Kijana wa Ilemela:

Nawashukuru sana, na shikamoo tena mzee wangu. Nimeanza kuuandika upya wasifu wangu kwa kufuata mliyosema kuhusu madeni na VAT. Nina maswali ambayo yamebaki. Je, ninaweza kuwaonesha waajiri hesabu halisi za duka ninalofanyia kazi, nikiondoa jina? Je, kompyuta mpakato yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 4 itatosha? Nikiulizwa bei niseme nini? Na jana nimepokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu anayesema ni ofisa ajira wa kampuni ya Canada, kwamba nimechaguliwa kuwa karani wa hesabu wa mbali, ila nilipie shilingi 60,000 za mafunzo na kitambulisho. Sikumbuki kuomba kazi hiyo.

Mkazi wa Kisauni:

Usilipe. Hakuna haja ya kuchunguza zaidi ya hapo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada, kwa njia ya moja kwa moja wala ya kuzunguka. Mwajiri wa kweli hukufanyia usaili, hukutumia mkataba kwa barua pepe ya kampuni yake, na fedha hutoka kwake kuja kwako. Mwaka 2025 huko kwenu Tanzania watu wengi walipoteza fedha katika mpango ulioahidi malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwa simu baada ya kulipa kiingilio. Ujumbe uliopokea una sura tofauti, lakini ombi ni lile lile. Mzuie mtu huyo, na usimtumie picha ya kitambulisho chako cha NIDA.

Mhasibu wa Njiro:

Nakubaliana na ndugu wa Kisauni neno kwa neno. Nijibu yaliyobaki.

Hesabu za duka usizioneshe, hata ukifuta jina. Kuna majina ya mafundi na madeni yao mle ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo. Zaidi ya hayo, mwenye kampuni wa Uingereza akiona umetoa hesabu za mwajiri wako wa sasa, swali litakalomjia ni lini utatoa za wateja wake. Badala yake, mwombe mwenye duka akuandikie barua fupi ya kukuthibitisha, itaje kwamba ulifuatilia madeni na kuandaa VAT ya kila mwezi kwa wakati. EFD ieleze kwa maneno mepesi: ni mashine ambayo sheria inamtaka mfanyabiashara aitumie kutoa risiti, nayo hupeleka taarifa ya mauzo kwa mamlaka ya kodi. Mwingereza aliyehangaika kuwahamisha wateja wake kwenda kwenye mfumo wa kidijitali ataelewa mara moja kuwa umetoka mahali ambapo jambo hilo ni la kawaida.

Kompyuta ya GB 4 itaanza kukusumbua ukifungua Xero, Excel na simu ya video kwa pamoja. Nyingi huongezwa kumbukumbu hadi GB 8 kwa fundi, na hiyo ni nafuu kuliko kununua mpya. Kuhusu intaneti, uwe na laini za mitandao miwili. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, mtandao ulisumbua nchi nzima, na waliokuwa na njia ya pili au waliowahi kuwataarifu wakubwa wao kwa ujumbe mfupi ndio waliolinda kazi zao. Usifungue hesabu za mteja kwenye kompyuta ya kukodi mjini, na weka uhakiki wa hatua mbili kwenye kila akaunti.

Bei usiitaje kwa kubahatisha. Andika gharama zako za mwezi za bando, umeme na mitihani, ongeza kile unachohitaji kuishi na kumtunza mama, ongeza kodi, kwa sababu mkazi wa Tanzania hutozwa kodi hata kwa kipato kinachotoka nje na utahitaji kutumia TIN (namba ya mlipakodi) yako, kisha gawanya kwa saa unazoweza kufanya kazi kweli. Hicho ndicho kiwango ambacho hushuki chini yake. Kipimo cha saa moja kwa data za mfano kifanye bila malipo. Ukiombwa kusuluhisha mwezi mzima wa mteja halisi ili waone kama unafaa, omba walipie, hata kwa bei ya chini, na mkubaliane kwa maandishi. Kwa kupokea fedha, huduma ya malipo ya mtandaoni ya Payoneer inafanya kazi hapa, na benki zetu hupokea kutoka nje kwa njia ya SWIFT, ila uliza kwanza makato ya kila njia, maana malipo madogo yanayokuja kila wiki huliwa na ada. Afadhali ulipwe mara moja kwa mwezi.

Anza na kampuni ya majaribio wiki hii. Ukishamaliza usuluhishi na kuandika maswali yako, viweke hapa chini bila jina lako, nami nitavipitia mstari kwa mstari, na ninamwomba mzee wetu naye avitazame.

Karani Mstaafu:

Nitavitazama. Weka na urari wake.